Gofu la Boti Uani Kwetu

Mama mwenzangu, umewahi kurudi kutoka sokoni ukakuta mumeo ameleta nyumbani kitu ambacho hamkukizungumza? Mimi nilikuta boti. Sisi tunaishi Mikumi, mahali ambapo wageni huja kutazama tembo na twiga, si vyombo vya majini. Siku hiyo nilikuta watoto wa majirani wamejaa uani, na katikati yao gofu la boti ya faiba, urefu wake kama mita tano, limelazwa juu ya matairi mawili.

Boti yenyewe ilikuwa imevuliwa kila kitu. Haikuwa na mashine, viti, usukani wala sakafu. Rangi ilikuwa imebanduka, na ubavuni palikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Baba watoto akaniambia ameipata kwa bei ya kutupwa. Akisha kuitengeneza, ndugu yake ataitumia kuvulia samaki katika bwawa la Kidatu, nasi tutapata fungu letu. Nikamwuliza fedha zimetoka wapi. Akanyamaza. Kumbe ilikuwa ada ya chuo ya binti yetu mkubwa.

Sikugombana naye mbele ya watoto. Lakini kwa wiki mbili mazungumzo yetu yalikuwa "chakula tayari" na "nimesikia". Kuku wakaanza kutagia ndani ya boti. Mwisho nikaaga, nikafunga safari kwenda Kilosa kwa wazazi wangu.

Maneno ya mzee wa reli

Baba yangu alifanya kazi reli hadi alipostaafu. Baada ya shikamoo na habari za watoto, nikamweleza yote, nikitumaini ataniambia mume wangu amekosa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuchukua ada bila kukuambia, amekosa. Hilo nitamwambia mwenyewe. Lakini kuhusu boti, mwanangu, unajua kwamba meli ya Liemba ilipita hapa Kilosa?"

Nikacheka. Mto Mkondoa unapofurika hubomoa nyumba na kung'oa reli, kama tulivyoona katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, lakini meli haiwezi kupita humo. "Haikupita majini," akasema. "Ilipita ndani ya masanduku, juu ya treni."

Nimekwisha kuifuatilia habari hiyo, nayo ni ya kweli. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Iliungwa kwanza huko huko, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaletwa Dar es Salaam kwa meli, kisha yakapakiwa kwenye treni za reli ya kati, ile ile ipitayo Morogoro, Kilosa na Dodoma, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Huko mafundi wakaiunga upya meli yenye urefu wa mita 71 hivi, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa katika Ziwa Tanganyika.

Haikufanya kazi muda mrefu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe na adui. Hapa baba yangu aliinua kidole. "Sikiliza sasa. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine grisi nene kila mahali. Wameamriwa kuipoteza, nao wakaitunza!"

Baada ya vita, Wabelgiji ndio waliotangulia kuinua meli ile kutoka chini ya ziwa. Lakini dhoruba ikaja, ikazama mara ya pili. Kisha Waingereza wakaiinua tena mwezi Machi 1924. Walipoifungua walikuta mashine bado zinafaa, kwa sababu ya ile grisi. Hata hivyo hawakuiharakisha. Miaka mitatu ilipita katika kusafisha, kukagua na kurekebisha, na ndipo tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya la Liemba, jina la kale la ziwa lile.

"Unaona?" baba akasema. "Wabelgiji waliinua. Waingereza walifufua. Kuinua ni jambo moja na kufufua ni jambo jingine. Rudi nyumbani ukamwulize mumeo, yeye anataka lipi?"

Kiraka kilichobanduka

Niliporudi Mikumi nilikuta tundu limekwisha kuzibwa na ubavu umepakwa rangi ya bluu. Baba watoto alikuwa ameharakisha ili awahi kabla ya masika. Ilipendeza kuitazama. Lakini mvua za kwanza ziliponyesha, kiraka kilibanduka kama gamba la kidonda.

Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi pwani alitueleza sababu. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo resini. Resini haishiki penye unyevu, vumbi wala mafuta, na boti yetu ilikuwa imenyonya maji miaka mingi. Tena kiraka kilibandikwa juu ya rangi ya zamani. Tulikuwa tumefanya kama Wabelgiji.

Jioni ile tulikaa, mimi na mume wangu, tukachukua daftari la shule lililobaki kurasa chache. Sikumkumbusha makosa yake. Kiraka kilikwisha kumsemea. Upande mmoja tuliandika mahitaji ya nyumba, upande wa pili mahitaji ya boti. Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, ada irudi kabla ya senti nyingine kwenda kwenye boti. Pili, hakuna kununua kitu bila sisi wawili kukiandika. Tatu, ikionekana mwili wa boti umeharibika kupita kiasi, tuiuze bila kuona haya.

Ilimchukua miezi mitano ya vibarua kurudisha ada ile. Muda wote huo boti ilikaa chini ya paa la mabati, imefunikwa kichwa chini, upepo ukipita. Fundi aliporudi kuikagua, alifurahi. Katika kungojea ada, boti ilikuwa imekauka!

Mpango wa kazi

Huenda msomaji mmoja aishiye kando ya ziwa au pwani ana chombo kama hicho. Nakupa utaratibu tulioufuata, kwa kuwa ndani yake kuna fedha nyingi za kuokoa.

Anzeni na ukaguzi. Gongeni mwili wote polepole kwa mpini wa nyundo. Penye uzima husikika mlio mkavu; penye kuoza au pliloachana ndani mlio huwa mzito, kama wa papai bovu. Mahali pa kuangalia zaidi ni ubao wa nyuma unaobeba mashine. Mara nyingi mbao zake zimefunikwa kwa faiba, hivyo huoza ndani wakati nje panang'aa. Wetu ulikuwa umeoza wote, tukaukata na kuweka mpya. Ubao huo ukikatika safarini, mashine huzama na watu huingia hatarini.

Tundu huzibwa kwa kupunguza kingo zake kwa msasa mpaka ziwe na mteremko mpana, ili kiraka kipate mahali pa kushika. Kisha hupangwa tabaka za kitambaa cha faiba, moja juu ya nyingine, zikiloweshwa resini. Resini huchanganywa na dawa ya kugandisha kwa kipimo kidogo sana, kama maelezo ya kopo yasemavyo. Ukizidisha, huchemka yenyewe, na inaweza hata kushika moto. Kwa joto la Mikumi huganda upesi, kwa hiyo fundi alifanya kazi asubuhi na mapema na kuchanganya kidogo kidogo.

Sasa nazungumza na wewe mama. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu, na harufu ya resini si nzuri kwa mtu yeyote, hasa mjamzito na watoto. Kazi ifanyike nje penye upepo, mafundi wazibe pua na wavae mikono mirefu. Nguo zao usizifue pamoja na nguo za mtoto. Mimi nilijifunza hilo baada ya kitinda mimba wetu kujikuna usiku kucha.

Baada ya mwili ndipo ilikuja sakafu, kisha viti, kisha vifaa. Hapo tulibishana tena kidogo. Baba watoto alitaka mashine kwanza. Mimi nilitaka majaketi ya kuokolea maisha. Tuliyaandika majaketi kwanza. Mashine ilifuata, imetumika lakini nzima, kisha usajili na leseni kwa ofisa wa uvuvi. Rangi ilikuwa ya mwisho kabisa.

Chombo kilichobeba akina mama

Boti yetu ilishushwa Kidatu baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Haijatutajirisha. Fungu letu ni dogo, miezi mingine hakuna kitu. Lakini binti amemaliza chuo, na daftari lile sasa ni la tatu. Tunaandika humo hata mambo yasiyohusu boti.

Ninapoitazama namkumbuka Liemba. Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikwama katika kijiji kidogo cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, bila maji safi wala vyoo vya kutosha, na kipindupindu kikaingia. Meli iliyopelekwa kuwachukua na kuwaleta Kigoma, mamia kwa kila safari, ilikuwa Liemba. Fikiri, mama mwenzangu: wanawake wenye watoto mgongoni walipanda chombo ambacho karibu miaka 100 kabla yake kililala chini ya ziwa hilo hilo. Walivushwa, pamoja na mengine, kwa sababu kuna mtu alipaka grisi.

Liemba yenyewe ilisimama mwaka 2018, na serikali ikaamua ikarabatiwe tena. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikwisha kubadilishiwa mashine za mvuke kwa za dizeli, na mwaka 1993 ilikarabatiwa kwa msaada wa Denmark. Hakuna chombo kinachofufuliwa mara moja tu kikaisha.

Nilipomweleza baba yangu kwamba boti imeshuka majini, hakuuliza inaingiza shilingi ngapi. Aliuliza, "Na siku hizi mnaongea?"

Nikamjibu, "Tunaongea, baba."

"Basi," akasema, "endeleeni kupaka grisi."