Daktari Kijana na Kipimo cha Kazi Yake

Mwanafunzi wa udaktari amalizapo miaka mitano ya masomo hupelekwa hospitalini kwa mwaka mzima, afanye kazi chini ya macho ya wakubwa wake kabla ya kusajiliwa kamili. Wako vijana wanaouona mwaka huo kuwa ni kucheleweshwa tu. Sisi twaona vingine, na sababu yetu yatoka Magharibi, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikashuka hata ziwa Tanganyika.

Huko ziwani, Karema, alifika mwaka 1889 Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani angali mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Aliwatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Kutoka kwake hata Tabora ilikuwa safari ya siku nyingi kwa miguu. Aliyetaka shauri la mwenziwe hakulipata usiku uleule. Wengi humsifu kwa ushujaa. Sisi twauliza jambo dogo zaidi: alijuaje kwamba aweza? Twadhani alijua kwa sababu hakuondoka. Aliyepona alikutana naye njiani. Na aliyekufa, kaburi lake lilikuwa palepale kijijini.

Mwanafunzi wa leo hana kipimo hicho. Hukaa majuma machache katika wodi moja, akahamia nyingine, na mgonjwa wake akaenda zake. Kilichobaki ni kujikadiria mwenyewe, na makadirio hayo ni mabovu. Mwaka 2006 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilitoa uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi: katika sehemu kubwa ya tafiti hizo, madaktari walivyojiona na walivyopimwa na wengine havikulingana, na waliokosea zaidi walikuwa wale wenye ujuzi haba na wale waliojiamini kupita wenzao. Imeonekana pia mara kwa mara kwamba wanafunzi wa kike hujiweka chini ya wenzao wa kiume, hali kazi yao si duni. Basi mmoja asema "naweza" kumbe bado, na mwingine asema "bado" kumbe aweza. Wote wawili ni hasara kwa mgonjwa.

Na tumwangalie mgonjwa huyo. Ni mama aliyetoka Kaliua au Sikonge, amejifungua, damu haikatiki, naye afika Kitete usiku wa manane. Kijana amekwisha liona jambo hili Muhimbili, akiwa nyuma ya mabega ya wengine. Kuona si kutenda. Hapo mkunga mwenye miaka ishirini kazini humsoma kijana huyo kwa dakika moja, lakini ni nani amwombaye aandike alichokiona?

Twataka aombwe. Maoni ya wakunga na wauguzi yaingie katika daftari la kila daktari kijana, pamoja na ya daktari mkuu; na neno "sijui", likisemwa mapema, lisimpunguzie mtu alama. Tena yule mama akisharudi Kaliua, habari zake, akiwa mzima au la, zimfikie kijana aliyemtibu, hata kama amekwisha hamia wodi nyingine.