Kiongozi Akijiuzulu, Nani Amchague Mrithi?

Mgala muue na haki umpe. Waingereza waliotutawala walitupa mwaka 1990 na tena 2022 somo ambalo sisi walimu hatuna budi kulifikisha darasani. Nitalitaja la pili.

Boris Johnson alipotangaza Julai kwamba angeng'atuka, wabunge wa chama cha Conservative walipiga kura duru baada ya duru hadi wakabaki wawili. Rishi Sunak aliongoza kwa kura 137, Liz Truss akapata 113. Kisha wanachama wakapindua mambo: Truss 81,326, Sunak 60,399. Hivyo watu wasiofika laki mbili waliipa nchi nzima waziri mkuu ambaye wabunge wake wengi hawakumchagua. Bajeti yake iliyumbisha masoko, na Oktoba 20 akatangaza kujiuzulu.

Mara hii kila mgombea alitakiwa kuungwa mkono na wabunge 100. Sunak, ambaye babake alizaliwa hapa Kenya, alipita bila kupingwa. Wanachama hawakuulizwa neno.

Je, ipi ni demokrasia? Naona kasoro kotekote. Hata hivyo, viongozi watatu walipokezana katika mwaka mmoja na chama kikabaki, ingawa wapiga kura walikiadhibu vikali mwaka 2024. Kwetu, aghalabu chama ni mali ya mtu. Akiondoka, huondoka nacho.

Tuwafunze vijana, tangu uchaguzi wa viranja, kwamba kanuni ni kubwa kuliko kiongozi.