Fahamu: Windows 10 imefika mwisho, kompyuta yako ya nyumbani je?

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Mwenye kompyuta ya mtumba hapa Kangari asikimbilie kuitupa.

Kwanza angalia kama inaweza kuhamia Windows 11, inayodai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome toleo.

Haina sifa hizo? Jisajili upate masasisho ya ziada hadi Oktoba 13, 2026. Au, bora zaidi kwa maoni yangu, weka Linux Mint kando ya Windows: mfumo huo ni wa bure, na kila ukiwasha kompyuta unachagua utakaoutumia.

Kabla ya kugawa diski ili kuweka Linux Mint, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje.