Sherehe za mpakani Busia na Tororo: zipi ni za bure, zipi zina kiingilio, na gharama hulipwa na nani?

Kwa wanaozungumza Kiswahili walioko Ulaya, Marekani au Australia, miezi ya Juni hadi Agosti huwa ndiyo fursa ya kurejea nyumbani kuona jamaa. Katika miji ya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hakuna majira ya joto kama ya Ulaya, lakini upo msimu wa sherehe. Huanza na mahujaji wa mapema Juni, hushika kasi shule zinapofungwa mwezi Agosti, na hufikia kilele Desemba.

Baadhi ya sherehe hizo ni za wazi kwa kila mtu na hazina kiingilio. Nyingine huhitaji tiketi iliyonunuliwa wiki kadhaa mapema. Tofauti hiyo huonekana nyepesi, lakini mpakani huwa na uzito wake, kwa sababu anayekwenda sherehe ya jirani huvuka nchi, hubadilisha fedha na huingia chini ya sheria nyingine.

Mpaka uliopita katikati ya jamaa

Ili kuelewa kwa nini sherehe za eneo hili huvuta watu kutoka pande zote mbili, ni lazima kurejea mwaka 1902. Kabla ya mwaka huo, himaya ya Uganda iliyokuwa chini ya Uingereza ilienea mashariki hadi kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 1 Aprili 1902, serikali ya Uingereza iliihamisha sehemu hiyo ya mashariki na kuiweka chini ya himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Wateso na Wasamia walijikuta na ndugu katika nchi mbili. Leo Wateso wanaishi katika maeneo ya Amagoro, Malaba na Amukura upande wa Kenya, na vilevile Tororo na wilaya za kaskazini yake hadi Soroti upande wa Uganda. Wasamia wanaishi katika Busia zote mbili, kwani mji huo una jina moja katika nchi zote mbili. Kwa familia nyingi, harusi, matanga na sherehe ya mavuno ni mambo ya ukoo mmoja, ingawa wageni hufika na vitambulisho vya nchi tofauti.

Hata neno "bodaboda", linalotumika leo kote Afrika Mashariki, linahusishwa na eneo hili. Waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha nchi moja na cha nyingine walinadi huduma yao kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza, na jina likabaki.

Sherehe zisizo na kiingilio

Sherehe kubwa za bure katika eneo hili zinaweza kugawanywa katika makundi matatu: za dola, za dini na za mila.

Za dola ni maadhimisho ya kitaifa. Kwa miaka ya karibuni Kenya na Uganda zimekuwa zikiyapeleka nje ya miji mikuu. Tarehe 1 Juni 2024, Kenya iliadhimisha Siku ya Madaraka mjini Bungoma, kaunti inayopakana na Busia. Miezi minne baadaye, tarehe 9 Oktoba 2024, Uganda iliadhimisha miaka 62 ya uhuru huko Busikho, wilayani Busia, na Rais William Ruto wa Kenya alikuwa miongoni mwa wageni. Hakuna raia aliyelipa kiingilio. Gharama za jukwaa, gwaride na ulinzi hutoka katika hazina ya umma, maana yake mlipa kodi amekwisha kulipa hata kama hakufika uwanjani.

Za dini zinaongozwa na Siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, katika eneo la Namugongo karibu na Kampala. Siku hiyo huwakumbuka mashahidi 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 katika utawala wa Kabaka Mwanga. Mahujaji kutoka Kenya huvuka Busia na Malaba, wengine kwa miguu, wakikabiliwa na safari ya takriban kilomita 200 kutoka mpakani. Ibada ni ya bure. Hata hivyo hujaji hugharimia viatu, chakula na nauli ya kurudi, na parokia zilizo njiani hubeba mzigo wa kuwalaza na kuwalisha wapitao.

Za mila zinajulikana zaidi kwa imbalu, jando la Wagisu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama vile 2022, 2024 na 2026, msimu huzinduliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, pembezoni mwa Mbale, takriban kilomita 45 kutoka Tororo. Kutoka hapo tohara huendelea vijijini hadi Desemba. Upande wa Kenya, Wabukusu wa Bungoma, ambao ni ndugu wa Wagisu kwa asili na lugha, hufuata mzunguko huohuo wa miaka.

Mtazamaji wa imbalu halipi kitu. Anayelipa ni familia ya kijana: ng'ombe au mbuzi, pombe ya wimbi, wapiga ngoma ya kadodi, ngariba, na chakula cha wageni wasiohesabika. Methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" hapa huhitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu mgeni anayefika mikono mitupu humwongezea mwenyeji gharama. Ndiyo maana ni desturi jamaa na majirani kuchangia kabla ya siku yenyewe. Mgeni wa mbali asiyejua afanye nini anaweza kumuuliza mzee wa familia. Mchango mdogo wa unga, sukari au fedha hupokelewa kwa heshima.

Upo pia upande wa afya. Wataalamu wa afya husisitiza kisu kimoja kwa kijana mmoja, ili kuepusha maambukizi ya virusi vya ukimwi na magonjwa mengine yanayoenezwa kwa damu. Mzazi anayempeleka kijana wake kutoka mjini au ng'ambo ana haki ya kuuliza jambo hilo mapema, bila kuonekana kuwa anaidharau mila.

Utamaduni na siasa za Tororo

Mjini Tororo, chini ya mwamba maarufu unaoonekana kutoka mbali, sherehe za kitamaduni zina maana ya ziada. Wilaya hiyo ni makazi ya Jopadhola, Wateso na jamii nyinginezo. Jopadhola wana taasisi yao ya kitamaduni, Tieng Adhola, ambayo mwaka 1999 ilimtawaza Moses Stephen Owor kuwa Kwar Adhola. Wateso wana kiongozi wao, Emorimor. Paul Sande Emolot alitawazwa mwaka 2023 kumrithi Augustine Osuban, aliyefariki mwaka 2022.

Kwa miaka mingi kumekuwa na mjadala mkali kuhusu kugawanywa kwa wilaya ya Tororo, na hasa kuhusu mji wenyewe uwe upande gani. Kwa hiyo tamasha la ngoma linaweza kusomwa kama tamko. Nani amealikwa, lugha ipi imetangulia kipazani, na ngoma ipi imefungua uwanja ni mambo yanayotazamwa kwa makini. Fumbo na tongoli za Jopadhola zikisikika jukwaa moja na akogo ya Wateso, wapo wanaoona dalili njema ya ujirani. Zikikosekana, wapo wanaohesabu kuwa wametengwa. Mgeni hahitaji kuchukua upande, lakini ni vyema afahamu kwamba burudani anayoitazama ina wenyewe.

Tamasha la tiketi ni mkataba

Kwa tamasha la muziki au mechi ya kimataifa, hali ni tofauti. Tiketi ni mkataba: mnunuzi amelipa, na mwandaaji anadaiwa huduma. Swali muhimu ni nini hutokea mkataba huo unapovunjika.

Mfano wa karibu ni Nyege Nyege, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2015 katika eneo la Jinja, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Busia, ambalo huwavuta pia vijana kutoka Kenya. Mwanzoni mwa Septemba 2022, siku chache kabla ya ufunguzi, Spika wa Bunge la Uganda Anita Among alitaka lizuiwe kwa hoja za maadili. Muda mfupi baadaye Waziri Mkuu Robinah Nabbanja aliruhusu liendelee kwa masharti. Tamasha lilifanyika, lakini katika siku hizo za mashaka, aliyekwisha kununua tiketi, kukodi basi na kulipia malazi alikuwa hajui kama fedha zake zimepotea.

Funzo ni kwamba, kabla ya kulipa, msafiri anapaswa kusoma masharti ya kurejeshewa fedha: tamasha likiahirishwa, likihamishwa au likizuiwa na serikali, itakuwaje? Kwa upande wa Kenya, ibara ya 46 ya katiba inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa pamoja na taarifa anazohitaji. Haki hiyo ni vigumu kuidai ikiwa malipo yalifanywa kwa simu ya mtu binafsi bila risiti.

Mechi zina funzo jingine. Katika michuano ya CHAN iliyofanyika Kenya, Uganda na Tanzania mwezi Agosti 2025, vurugu za mashabiki katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi zilisababisha idadi ya watazamaji kupunguzwa na tiketi za kielektroniki pekee kukubaliwa kwa mechi za Kenya. Nchi hizo tatu pia ndizo zilizopewa uenyeji wa AFCON 2027. Anayepanga kwenda atambue kuwa tiketi ya karatasi inayouzwa kando ya barabara inaweza kumfikisha langoni tu.

Kuvuka mpaka kwa njia halali

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili humhudumia. Malaba, karibu na Tororo, ina kituo cha aina hiyohiyo.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa tangu mwaka 2014 kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto asiye na kitambulisho ni vyema awe na cheti cha kuzaliwa, na ikiwa anasafiri na mzazi mmoja au jamaa, barua ya ridhaa ya mzazi huondoa maswali mengi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike nyumbani.

Walio na pasipoti za nchi za nje wana njia yao. Viza ya utalii ya Afrika Mashariki hugharimu dola 100, hudumu siku 90, na humruhusu mwenye nayo kuingia Kenya, Uganda na Rwanda zaidi ya mara moja. Sharti ni kuiomba katika nchi atakayoingia kwanza. Anayetua Nairobi kwa idhini ya kuingia Kenya pekee asidhani kuwa inamfikisha Tororo.

Zipo pia njia za panya, na wakazi huzijua. Kwa mgeni, hatari yake ni kubwa. Asiyegongewa muhuri akipata ajali au akikamatwa upande wa pili, hana ushahidi kwamba aliingia kihalali, na sherehe ya siku moja inaweza kuishia mahakamani.

Fedha nazo zinahitaji mpango. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 28 za Uganda, na tofauti hiyo ya tarakimu huwachanganya wengi gizani au penye msongamano. Ni salama zaidi kubadilisha katika duka lenye leseni, na kuhesabu kabla ya kuondoka dirishani.

Usalama hauuzwi kwa tiketi

Usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9, wakiwemo watoto, walifariki katika msongamano kwenye jumba la biashara la Freedom City, Kampala, walipokuwa wakienda kutazama fataki. Mkasa huo ulionyesha kwamba hatari haitegemei kama kuna kiingilio au la. Inategemea idadi ya watu, idadi ya milango, na kama kuna anayewaongoza.

Kwa hiyo familia inayofika kwenye uwanja wowote ingefanya vyema kutambua njia mbili za kutokea, kukubaliana mahali pa kukutana, na kuandika namba ya simu ya mzazi kwenye mkono au nguo ya mtoto. Mpakani namba hiyo iandikwe pamoja na msimbo wa nchi, 254 kwa Kenya na 256 kwa Uganda, kwa kuwa atakayemwokota mtoto huenda ana laini ya nchi nyingine.

Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria kutokana na janga la corona, malori yaliendelea kupita Busia na Malaba, lakini jamaa hawakuruhusiwa. Mahujaji walirejea Namugongo kwa wingi mwaka 2022. Kwa wakazi wa miji hii miwili, kipindi hicho kilionyesha kwamba sherehe ya bure hutegemea kitu ambacho hakuna mwandaaji anayeweza kukiuza: lango lililo wazi, na jamaa wa upande wa pili anayengojea.