Stima Ikipotea, Je, Tochi Yako Itawaka?

JE, msomaji, unakumbuka ulikuwa wapi usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu kote nchini? Mimi nilikuwa nyumbani, chupa ya dawa ya homa ya mtoto mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, nisiweze kusoma kipimo. Tochi ilikuwepo, tena kubwa, imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Niliibonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wapi! Dawa ile tuliipima kwa mwangaza wa simu iliyokuwa ikikata roho. Asubuhi nilipoifungua tochi nilikuta mawe yametokwa na maji, springi imeliwa na unga mweupe umejaa kotekote.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kuinunua nilitazama ukubwa wa kioo na mng'ao wa bati, nisiulize inatumia mawe gani. Sasa najua kwamba mtu huchagua mawe kwanza, ndipo achague tochi.

Hebu fikiria kazi ya tochi ya nyumbani. Hulala miezi sita bila kuguswa, kisha siku moja hutakiwa kuwaka papo hapo. Ile ya mlinzi wa langoni huwaka usiku kucha, kila usiku. Mawe yanayomfaa mlinzi si lazima yakufae wewe.

Mawe ya bei ya chini kabisa pale kioskini aghalabu ni ya kaboni na zinki. Kopo lake la zinki ndilo linaloliwa ili umeme upatikane, kwa hivyo kadiri unavyolitumia ndivyo linavyozidi kuwa jembamba, hata likatoboka na kuvuja. (Wa rika langu watalikumbuka lile jiwe kubwa lenye picha ya paka, lililotengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Likichoka tulilianika juani, nalo likawaka kidogo. Jua halikulijaza nguvu mpya. Liliamsha tu mabaki.) Mawe haya yanafaa redio ndogo au saa. Usiyaache ndani ya tochi ukayasahau.

Yanayofaa nyumbani, kwa maoni yangu, ni ya alkalini, na tochi iwe ile inayotumia mawili ya ukubwa wa saa ya ukutani. Yana bei zaidi, lakini yaliyo mazuri hukaa miaka mitano na zaidi bila kupoteza nguvu nyingi, na yakiisha utayapata dukani karibu nawe. Soma tarehe iliyopigwa kwenye pakiti kabla ya kulipa. Usichanganye jipya na kuukuu, kwa kuwa lile dhaifu huzidiwa na kuvuja mapema. Hata ya alkalini huvuja yakiisha na kuachwa humo, kwa hivyo mimi huyabadilisha kila mwaka na yale ya zamani nikayahamishia kwenye saa ya sebuleni, ambayo haina njaa kubwa.

Vipi kuhusu tochi za kuchaji? Jihadhari na zile rahisi zenye betri ya risasi na asidi, jamaa ya betri ya gari. Ukiiacha miezi kadhaa bila chaji, betri hufa na haifufuki. Ya lithiamu ni bora zaidi, hasa kwa mwanafunzi anayetoka maktaba jioni, maana huchajiwa kila wiki kama simu. Nyingi hutumia betri iitwayo 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri halisi ya aina hiyo kwa kawaida haizidi sana 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha pesa zako mfukoni. Usiichaji juu ya godoro wala usitumie iliyochubuka ganda, kwani betri ya lithiamu ikiharibika huweza kushika moto.

Huenda muuzaji akakusifia tochi "za kijeshi", zile ndogo za kufungwa kwenye bunduki. Nyingi hutumia jiwe fupi la lithiamu la volti 3, liitwalo CR123A, lisilochajiwa. Walilichagua kwa busara, maana hukaa kama miaka kumi likingoja. Lakini ni ghali na halipatikani kila duka. Isitoshe, mwangaza wa lumeni elfu moja ndani ya chumba chenye kuta nyeupe hukupofusha wewe mwenyewe. Mia moja hutosha. Na hata kama una leseni ya silaha, tochi ya kutafutia kilicholia kwenye ukumbi iwe ya mkononi. Iliyofungwa kwenye bunduki haimuliki mtu mpaka mdomo wa bunduki umemwelekea, na huyo mtu anaweza kuwa mwanao aendaye msalani.

Nikiwataja watoto, zitazame upya zile tochi ndogo za kuning'inizwa kwenye funguo. Ndani mna betri bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huweza kumchoma vibaya ndani ya saa mbili. Usingoje ipite wala usimtapishe. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama unashuku tu. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, tochi hiyo isiingie nyumba yenye mtoto mdogo.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, zimeni taa zote na mmoja wenu aitafute tochi gizani. Akikawia zaidi ya dakika moja, itafutieni mahali pengine pa kuiweka.