Jihoji Bila Kujitesa: Hesabu ya Nafsi Kabla ya Kulala (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi hasira, hofu na huzuni za kila siku zinavyorundikana moyoni mwa mtu asiyejipa nafasi ya kuzitazama. Leo tuiangalie njia ya kuzipunguza isiyohitaji fedha wala safari: kuihesabu nafsi kila jioni. Nitaeleza pia kwa nini njia hiyo hiyo, ikitumiwa vibaya, huzidisha maumivu.

Desturi hii ni ya kale. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliandika katika kitabu chake kuhusu hasira kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, aliipitia siku yake yote, maneno na matendo, bila kujificha lolote. Alipokutana na kosa, alijisamehe huku akijionya asilirudie. Waislamu wa mwambao wetu wanalijua jambo hili kwa jina la muhasaba. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitengea sehemu nzima katika Ihya Ulum al-Din. Humo anamweleza mtu na nafsi yake kama mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi wanawekeana masharti, mchana anamchunga, jioni wanakaa kupiga hesabu ya faida na hasara.

Hesabu ya namna hiyo ina mwisho. Ikishapigwa, daftari hufungwa na watu wakalala. Wengi wetu tunashindwa hapo. Tunadhani tunajitafakari, kumbe tunalirudiarudia jambo lile lile hadi alfajiri: kwa nini mimi, kwa nini tena, nina kasoro gani?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alitumia maisha yake ya kazi kuichunguza tabia hiyo. Tetemeko la ardhi la Loma Prieta lilipotokea California tarehe 17 Oktoba 1989, wiki mbili kabla alikuwa ameshawapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford: hali zao za moyo, na namna kila mmoja anavyoipokea huzuni. Aliwapima tena siku 10 baada ya tetemeko, kisha wiki saba baada yake. Waliokuwa na mazoea ya kuizungukazunguka huzuni yao ndio walioelemewa zaidi, hata ilipozingatiwa hali waliyokuwa nayo kabla ya tetemeko.

Je, basi ni afadhali kunyamaza na kusahau? La. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo, huko huko Marekani. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, wengine juu ya mambo ya kawaida, wengine juu ya machungu makubwa ya maisha yao. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi siku zile, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Uchambuzi wa baadaye wa maandishi ya aina hii ulionyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale waliozidi kueleza sababu na kuelewa mambo siku baada ya siku. Tafiti zilizofuata zinasema faida hiyo kwa jumla ni ndogo, na haimfikii kila mtu kwa kiasi kimoja. Hata hivyo, somo lake ni zito: anayesaidika ni yule anayesogea kutoka kwenye maumivu kuelekea kwenye ufahamu.

Tuchukue mfano wa mama aliyemfokea mwanawe jioni. Akilala akijiuliza, "Kwa nini mimi ni mama mbaya?" swali hilo halina jibu ila machozi. Lakini akijiuliza, "Nini kilitokea?" ataona kwamba alirudi kutoka sokoni amechoka, hajala tangu asubuhi, na alikuwa na hofu ya kodi ya nyumba. Mtoto alimwaga maziwa tu. Sasa ana la kufanya: kesho amwombe mwanawe radhi, na ale kitu kabla ya kufika nyumbani. Kosa halijafichwa, wala yeye hakujisulubu.

Nashauri basi maswali manne: Nini kilitokea leo? Nilihisi nini? Kilisababishwa na nini? Kesho nitafanya nini? Yaandike katika daftari la kawaida ukiweza. Kama kuandika kunakuwia vigumu, jisemee kimoyomoyo. Dakika 10 au 15 zinatosha. Usiache kutaja jema ulilolitenda, kwani hesabu ya hasara pekee si hesabu ya kweli. Na kwa kuwa nyani haoni kundule, mara moja moja mwulize mtu unayemwamini anakuonaje.

Ipo hali ambayo daftari haliitoshi. Huzuni ikikuandama karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukapotea, kazi ikakushinda, au ukawaza kujidhuru, usijihoji peke yako. Kwa mawazo ya kujidhuru usingoje hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitali. Kwa hayo mengine anzia kituo cha afya kilicho jirani. Wengi huogopa kwamba watapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kama Mirembe au Kidongo Chekundu, na kuitwa vichaa. Lakini maradhi ya akili yanatibika, na kutafuta tiba si aibu.

Ndugu msomaji, anza leo usiku. Jiulize maswali manne, chagua tendo moja la kesho, kisha funga hesabu ulale. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia kuomba radhi na kusamehe ndani ya familia.