HUDAYBIYA NA HATI ZA USAGARA

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, akiisha kuivuka mbuga na kufika Mikumi, akishika njia ya kulia atafika Kilosa. Nchi hiyo na milima yake ilihesabiwa zamani kuwa Usagara. Humo alipita Carl Peters mwishoni mwa mwaka 1884, akikusanya hati zilizodai kwamba wakubwa wa huko wamempa ardhi na mamlaka yao milele. Hati ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha wasiyoijua waliozitia alama. Peters mwenyewe alikuwa ametoka Ulaya kwa jina la uongo.

Tunayakumbusha haya kwa sababu wapo vijana wetu katika kazi ya ubalozi wanaodhani kwamba dini haina la kuwafunza huko ila sala na chakula cha halali. Wamekosea. Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, Mtume (S.A.W.) alipatana na Makureshi huko Hudaybiya. Mjumbe wao, Suhayl bin Amr, alibishania neno kwa neno, hata akakataa Muhammad asiitwe Mtume wa Mungu ndani ya hati. Sayyidna Ali, aliyekuwa mwandishi, hakukubali kulifuta neno hilo. Mtume akalifuta mwenyewe. Mara akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhayl huyo huyo, yu katika minyororo, akiomba kupokewa. Akarudishwa, maana ndivyo ilivyokwisha ahidiwa. Masahaba waliumia mno.

Tena Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 282, inamtaka mwenye kuwajibika ndiye aimlishe maandishi, na akiwa hawezi, msimamizi wake aimlishe kwa uadilifu. Usagara aliimlisha yule aliyekuwa akichukua!

Wala sisi wa visiwani tusidhani kuwa hiyo ni habari ya bara tu. Kaiser alizipa hati hizo ulinzi wake tarehe 27 Februari 1885. Sayyid Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja mwezi Agosti.

Basi tunawaomba wakuu wanaohusika: kabla mjumbe wetu hajatia saini mkataba unaogusa ardhi ya kijiji, kiwe cha Kilosa au cha Micheweni, usomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya wenye kijiji, na aliye na neno la kupinga asikizwe, kama alivyosikizwa Suhayl.